Kiti cha Baba wa Bibi Harusi

Sehemu ya kumi na nne

Tulipoachana juma lililopita, msomaji, honi ilikuwa inalia nje ya geti kule Nyamyumba, na Valentin alikuwa hapokei simu.

Valentin ni yule mwigizaji aliyepewa nafasi ya baba katika filamu ya Igihozo. Leo alitakiwa avae kanzu, akae kitini, asimame mara moja, aseme maneno mawili matatu, basi. Badala yake ameonekana kwenye ghala la Hajji Hamdani, amevaa koti jipya la kazi, anafungulia malori. Mtu aliyemaliza soli za viatu akitafuta ajira, ajira imemtafuta yeye, na imemkuta siku ya mwisho ya kupiga picha. Mnazijua ajira za namna hiyo. Zinaziba mdomo kuliko plasta.

Na honi ile haikuwa ya Valentin.

"Gari ya baba yako," alisema Manzi, mpiga kamera, bila kuondoa jicho kwenye kamera yake. "Na ile ya nyuma ni ya kaka yako."

"Nimeona."

"Nifiche kadi ya picha?"

"Usifiche kitu. Kaa hapo hapo."

Igihozo aliyasema hayo kwa sauti kavu.

Kwa aliyeanza kutufuata leo, habari ni hii. Hajji Hamdani ni mwenye malori, mwenye maghala, mwenye lile jumba la nguzo nyeupe linalotazama ziwa, ambalo watu wakipita mbele yake hupunguza sauti bila kuambiwa. Igihozo ni kitinda mimba wake. Na Igihozo anapiga filamu kuhusu jumba kama lile, na baba kama yule, na dada kama Umutoni.

Umutoni alikuwa dada yake mkubwa. Watu walikuja kumposa, wakapokelewa, wakaketi, gusaba, sherehe ya kumwomba binti kwao, ikaanza kama gusaba zote. Msichana alipoitwa, Hajji alisimama mwenyewe, akamsukuma pembeni msemaji wake, akawafukuza wageni mbele ya mji mzima. Siku hiyo hiyo Umutoni alitoweka. Baadaye Hajji alitangaza kwamba binti amefia Goma, amezikwa huko huko. Khitma ikasomwa. Gisenyi ilikuja, ikaitikia amina, ikala pilau, ikanawa mikono, ikaenda zake. Hakuna aliyeuliza kaburi liko wapi. Nani amuulize mtu ambaye nusu ya mji inakula kwake?

Igihozo ndiye anauliza. Anauliza kwa kamera.

Filamu ilibakiza tukio moja, hilo la gusaba lililovunjika. Kamera ni ya kuazima, kesho inarudi Kigali. Tukio lisipopigwa leo, filamu haina mwisho, na filamu isiyo na mwisho ni maneno ya jikoni. Hajji alilijua hilo. Ndiyo maana honi.

Nyuma ya hema, mama yake Igihozo alikuwa ameinamia sufuria. Mjini wanamwita Mama Hakimu, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na wengi hawajui kwamba anaitwa Verediane. Kiwanja kile cha Nyamyumba ni kwao alikozaliwa. Aliwaazima watu wa filamu, akamuaga mumewe kwamba anakwenda kumwangalia kaka yake mgonjwa.

"Mama, baba amefika. Ingia ndani."

"Niingie ndani ya wapi? Hapa ni kwetu."

"Akikuona huku..."

"Ataona napika. Hajawahi kuniona nikipika?"

Igihozo hakubishana naye. Katika filamu, mama wa bibi harusi hana kosa hata chembe. Yuko nyuma ya mlango, ameshika mdomo, analia. Igihozo aliandika hivyo kwa sababu ndivyo anavyokumbuka.

Kwenye kona ya hema alisimama Alliance, msichana wa Goma anayeigiza bibi harusi. Alivuka mpaka wa Grande Barrière asubuhi na vipodozi vyake kwenye mfuko wa rambo. Sasa alikuwa amevaa mushanana, vazi la bibi harusi la kufungwa begani, ya rangi ya zambarau, siyo ya kukodi. Ilikuwa ya Umutoni mwenyewe. Verediane aliitoa sandukuni bila kueleza ilikaa wapi miaka yote hiyo.

"Yaya, ule muzee njo yeye mwenyewe?" Alliance aliuliza. Yaya kwao Goma ni dada.

"Ndiye."

"Eh. Na mi nitatoka mbele yake na hii nguo?"

"Utatoka."

"Niko naogopa, yaya. Sikudanganye."

"Ogopa. Lakini ogopa huku unatembea."

Geti likafunguka.

Hajji Hamdani aliteremka. Kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, kofia ya mkono, viatu vinavyong'aa kana kwamba barabara ya Nyamyumba haina vumbi. Nyuma yake Hakimu, mwanawe, simu sikioni, anaongea na mtu asiyejulikana kama yupo. Hawakusalimia mlangoni. Waliingia hemani moja kwa moja.

Sasa niwapangie hema, maana kila kitu kilichofuata kilitokana na viti.

Pande mbili zilikuwa zimetazamana, kama inavyotakiwa. Upande wa waposaji na upande wa wenye msichana. Waliokaa si waigizaji. Ni mafundi cherehani, watu wa moto, zile pikipiki za abiria, wauza dagaa wa sambaza, wanawake wanaovuka mpaka kila siku na ndoo kichwani. Igihozo aliwaomba waje wawe wageni, wakaja na nguo zao za sherehe. Mbele kabisa, upande wa wenye msichana, kilikuwepo kiti kimoja kitupu kilichovalishwa kitambaa cheupe. Kiti cha baba. Kando yake alikaa Mzee Mugabo.

Huyo Mugabo hakuwa anaigiza. Alikuwa anafanya kazi yake ya usemaji. Gusaba gani Gisenyi imewahi kupita bila sauti ya Mugabo? Kiswahili chake alirudi nacho kutoka Kigoma, amekitunza kama suti ya Idi.

"Zimeni hizo mashine," alisema Hajji. "Kila mtu aende kwake."

Hapo Mzee Mugabo akasimama. Taratibu, kama anayemsimamia mkwe. Na alipoinuka yeye, wakainuka wote, pande zote mbili, hema nzima, mikono wameikunja tumboni.

"Hajji. Karibu sana. Tulikuwa tunakusubiri wewe tu."

"Mugabo, usinichezee. Sikuja kwenye sherehe."

"Umekuta watu wameketi pande mbili, Hajji. Mtu haongei nao amesimama. Wewe ndiye ulikuwa ukitufundisha."

Watu wote wamesimama, wanamngoja yeye akae ndipo wakae. Wazee wenye magoti mabovu wamesimama. Vikongwe vimesimama. Na Hajji Hamdani, mtu aliyezoea kukaa mbele kwenye kila harusi tangu alipopata lori la kwanza, aliangaza macho kutafuta pa kukaa.

Palikuwa na kiti kimoja.

Angeweza kwenda kukaa nyuma na vijana wa moto. Hilo halikumpitia hata kichwani. Wenye mali wana ugonjwa wao, msomaji. Ukiwaonyesha kiti cha mbele, miguu inawatangulia akili.

Akakaa.

Wote wakakaa. Mkono wa mama mmoja ukamwekea chupa ya fanta, tayari imefunguliwa. Na kwa kuwa mtu akikirimiwa mbele ya wageni haachi chupa ilale, Hajji akanywa funda moja.

Igihozo, kando ya kamera, aliitazama ile chupa. Alijua maana ya funda lile, na kila mtu humo ndani alijua. Baba akishakaa kwenye kiti kile, akaonja kinywaji, hana mdomo tena. Mdomo wake ni msemaji wake. Baba anayejisemea kwenye gusaba ya bintiye atasimuliwa mpaka wajukuu wazeeke. Hajji alishafanya aibu hiyo mara moja, na hakuna siku aliyotaka kuirudia.

"Washa," alimwambia Manzi.

"Dada, ule si mwigizaji."

"Washa, sha."

Taa nyekundu ya kamera ikawaka.

Hajji aliinama kwa Mugabo, akamnong'oneza, lakini kipaza sauti kilikuwa kimefichwa kwenye ua lililo mezani mbele yake. "Waambie watawanyike. Kwa adabu tu. Watawanyike."

Mugabo akaitikia kwa kichwa kama aliyepokea agizo zito. Akasimama, akarekebisha koti.

"Ndugu zangu mliotoka mbali. Mwenye nyumba anasema mmekaribishwa."

Makofi yakapigwa. Hajji akamvuta koti kwa chini. Mugabo akainama, akasikiliza, akainuka.

"Anasema pia mnywe, msione haya."

Hema ikacheka. Siyo kicheko cha filamu. Kicheko cha watu waliokaa muda mrefu na kitu kifuani.

Hakimu peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa ameiona ile taa nyekundu. Akakata simu, akatoka, akaelekea nyuma ya hema kwenye jenereta, kwa sababu vipaza sauti vyote vilikuwa vinakula umeme hapo. Igihozo alitaka kumkimbilia. Hakuhitaji. Wauza sambaza watatu walikuwa wamesogeza vibao vyao, wameizunguka jenereta kama wanaota moto.

"Mama, pisha hapo," Hakimu alisema.

"Nipishe niende fasi gani, mutoto yangu? Mi niko mugeni wa gusaba."

"Hii si gusaba. Ni filamu."

"Bon. Donc mi niko mugeni wa filamu."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua sana. We njo ule alivunja meza zetu pale mbele ya ghala, samaki ikabaki inalala mu vumbi. Unazania tulisahau? Kuja basi, vunja na hii. Iko ya moto, lakini kuja."

Wenzake wakacheka wakipigana mabega. Hakimu akasogea hatua, akaona mmoja wao amevua kandambili na kuishika mkononi, akabadilisha nia. Mwana wa mwenye malori hawezi kupigwa kandambili mbele ya watu.

Ndani ya hema msemaji wa waposaji alikuwa ameinuka. Niyonsaba, fundi cherehani wa mjini, mtu mwembamba mwenye sauti nene.

"Mzee Mugabo, sisi tumekaa hapa tangu mchana. Tumevuka mpaka, tumepanga foleni, tumeonyesha vitambulisho mpaka vimefutika, na hata karanga hamjatupa."

"Karanga ziko jikoni," Mugabo alijibu. "Tuliogopa mtazila mkasahau kilichowaleta."

"Hatusahau. Kimetuleta msichana."

"Hapa wasichana ni wengi. Mchukueni yule mpiga kamera."

"Yule ana ndevu."

"Atanyoa."

Watu wakaangua kicheko, na hata Manzi, mwenye ndevu zake, alitikisika kidogo. Igihozo aliangalia karatasi kichwani mwake. Mpaka hapo wanaenda sawa na alivyoandika. Sasa Niyonsaba atamtaja bibi harusi. Kwenye filamu jina lake ni Salima. Alilichagua yeye mwenyewe, jina ambalo halimuumizi mtu.

Niyonsaba hakumtaja Salima. Aliacha kucheka kwanza. Akamtazama Hajji usoni, kisha akaondoa macho kwa heshima akayapeleka kwa Mugabo.

"Tunamtaka Umutoni," alisema.

Hilo hakuliandika Igihozo. Jina lile halikuwahi kutamkwa mbele ya Hajji tangu siku ya pilau. Picha zake ziliondolewa ukutani, kitanda chake kikagawiwa, na Igihozo akiwa mtoto alikatazwa kumtaja hata kwenye dua. Leo fundi cherehani amelitaja wazi, na kipaza sauti kimelichukua.

Mkono wa Hajji ulibana chupa. Akamnong'oneza tena Mugabo, na safari hii hakuna aliyehitaji kipaza sauti ili asikie. "Mugabo. Nitakumaliza."

Mugabo alisimama. Alichelewa kuanza. Ana watoto wanne, na wawili wanaendesha malori ya Hajji. Kila mtu pale alijua hivyo, na kila mtu alimngoja.

"Mwenye nyumba," alisema mwishowe, "anasema Umutoni ameitwa. Anakuja."

Igihozo alimpa ishara Alliance.

Alliance alitoka akiwa anaogopa, na alitembea. Mushanana ya zambarau ilivuka hema kati ya zile pande mbili. Mama mmoja upande wa waposaji alishika mdomo, kwa maana aliikumbuka nguo, ndiye aliyeishona. Msichana akafika mbele ya kile kiti, akapiga goti moja, akainamisha kichwa.

"Asalaam aleikum, Baba."

Hajji Hamdani hakuitikia. Aliitazama nguo. Igihozo aliuona uso wa baba yake kwenye kioo kidogo cha kamera, umejaa kioo chote, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona umri wake. Kisha uso ule ukajifunga.

Akasimama. Chupa ikaanguka. Mugabo alijaribu kumgusa mkono, akasukumwa, akayumba.

"Hapa hakuna msichana," alisema Hajji. "Chukueni vitu vyenu muende."

Manzi akageuza jicho moja kumtazama Igihozo. Hata Alliance, akiwa bado amepiga goti, alinyanyua kichwa.

Kwa sababu ndiyo maneno yenyewe. Neno kwa neno. Ndiyo sentensi aliyopewa Valentin aikariri, ile aliyoisikia Igihozo akiwa mdogo nyuma ya pazia na kukaa nayo mpaka akaiandika. Valentin angeisema kama mtu anayesoma. Huyu aliisema kama mwenye nayo.

Filamu imepata mwisho wake.

Kilichobaki ni kuinua mkono na kusema kata, kadi itolewe, Manzi apande moto, na Hajji na malori yake yote asingeweza kuirudisha sentensi ile kinywani. Igihozo akaanza kuinua mkono.

Ndipo Hajji akacheka.

Hakuwa mjinga, yule mzee. Hakuna anayeanza na gunia la viazi akamaliza na maghala kwa ujinga. Aliiangalia taa nyekundu, akaliangalia ua lililo mezani, akaelewa ameingizwa wapi. Na mtu wa namna ile akishaelewa amenaswa, hajinasui. Anatafuta wa kuanguka naye.

"Umepata ulichotaka, Igihozo?"

"Nimepata, Baba."

"Mimi shetani, na mama yako malaika. Siyo? Ndiyo sinema yako?"

"Ndiyo yaliyotokea."

"Basi ongeza na haya." Aliisogelea kamera mpaka Manzi akarudi nyuma kidogo. "Muulize mama yako ni nani aliyempitisha dada yako Grande Barrière siku ile. Mimi nilikuwa mbele nawafukuza wageni. Muulize nani alimshika mkono, akamvusha kama anavusha magendo, akarudi nyumbani, akanipikia chai. Dada yako mpaka leo anatembea kwa miguu yake, na mfuko begani. Muulize."

Alisema na kukunja mikono, kama mtu aliyemaliza kesi.

Sekunde ile hakujua alichofanya. Hasira ilikuwa imemlenga mkewe, na ulimi umepita njia ya mkato. Ni Mzee Mugabo aliyekielewa kwanza. Alikuwa bado ameshikilia meza pale aliposukumwa.

"Anatembea?" Mugabo aliuliza, kwa upole wa kutisha. "Mfuko begani?"

Hajji akageuka kuitazama taa nyekundu.

"Hajji, mimi nilikaa karibu na wewe siku ya khitma. Nililia. Wewe ulinipa leso yako. Nakuuliza kwa heshima. Ile khitma tulimsomea nani?"

Hapo hema ilivunjika. Watu walisimama, si kwa kumsimamia mtu safari hii.

"Tulikula pilau ya mutu iko muzima?" alisikika mama wa sambaza kutoka nyuma.

"Mi nilimuombea iyo mwezi muzima," alisema mwingine. "Nilifunga juu yake."

"Aliapa. Mbele ya shehe aliapa."

Niyonsaba hakupiga kelele. Alikuja mpaka katikati, akasimama mahali alipopiga goti Alliance. "Ndugu yangu Iradukunda," alisema, "ndiye aliyekuwa anaposa. Mliwaambia watu kwamba ndiye aliyemuua Umutoni kwa uchungu. Alihama mji huu kwa aibu ya mtu ambaye hajafa."

Hajji alitafuta macho ya Hakimu. Hakimu alikuwa mlangoni mwa hema, hamtazami baba yake.

Huo ulikuwa ushindi, msomaji. Mtu mwingine angeruka. Mji uliofunga mdomo umefungua, na umefungua mbele ya kamera. Lakini Igihozo hakuwa anausikia mji. Alikuwa amesikia maneno mawili tu, mama yako, na yalikuwa yanamzunguka kichwani kama nyuki.

Akageuka.

Verediane alikuwa amesimama kwenye pembe ya hema, aproni kiunoni, mwiko mkononi. Sijui alikuwa pale tangu lini. Hakuwa analia. Hakuwa ameshika mdomo.

"Mama?"

Verediane hakusema si kweli.

"Mama, umewahi kujua alipo? Mimi nililala kitanda kimoja na mto wake. Nilikuuliza kila Idi."

"Uliniuliza," alisema mama yake.

Manzi akamsogelea Igihozo, akasema chini chini. "Nikate?"

Swali dogo. Lakini tusimame hapo kidogo, maana ndilo lililotuleta Nyamyumba.

Akikata, filamu yake ni safi. Baba mbaya, mama mwema, dada aliyepotea, watu watatoka ukumbini wakipangusa macho. Mama yake atarudi kupika, na yatakayosemwa yatasemwa ndani, mlango umefungwa. Na hayo ndiyo malezi ya jumba la nguzo nyeupe. Hii ionekane, hii isionekane. Huyu atolewe ukutani, yule abaki. Mgeni apewe chai, mtoto apewe kimya. Hajji hakufanya kingine maisha yake yote ila kukata, na Igihozo alimchukia kwa hilo tangu ana meno ya utoto. Leo mkono uliokuwa juu, ukitaka kukata, ulikuwa wa kwake. Akauona, unafanana na wa baba yake mpaka kwenye kucha.

Akaushusha.

"Usikate."

"Dada, ni mama yako."

"Najua ni nani. Usikate. Mgeuzie."

Kamera ikamgeukia Verediane.

Hajji alitabasamu. Alidhani anamjua mkewe. Miaka yote ile, akimtupia macho tu, yule mwanamke hushusha yake.

Verediane alitua mwiko kwenye meza ya zawadi. Alifungua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya mwiko. Akapita katikati ya pande mbili, akampita Alliance, akaigusa kidogo begani ile nguo ya zambarau, akaja kusimama mbele ya mumewe.

"Kaa chini, Hamdani."

Hakuna aliyewahi kumsikia akimwita hivyo. Baba Hakimu, ndiyo. Hajji, ndiyo. Yule mzee aliduwaa, na Mugabo, mtu wa kazi yake mpaka mwisho, akamsogezea kiti nyuma ya magoti. Akakaa tena.

Verediane akageukia kamera. "Hii inasikia?"

"Inasikia, Mama," alisema Manzi.

"Mimi naitwa Verediane. Baba yangu alikuwa Bizimana, na hapa mlipokaa ndipo nilipozaliwa. Aliyosema mume wangu ni kweli. Nilimvusha mimi. Nikarudi, nikapika chai, nikakaa kwenye khitma ya mwanangu nikiwa najua anapumua, nikaitikia amina. Kwa hilo mnihukumu, sitakimbia. Na wewe, Igihozo, nihukumu wa kwanza."

Igihozo alisogea karibu na kamera.

"Lakini nitasema kwa nini nilimtoa kwa mlango wa jikoni," Verediane aliendelea. "Kwa sababu kwa mlango wa mbele palikuwa na gari. Injini inanguruma. Wageni walikuwa hawajamaliza hata kufukuzwa, na tayari kuna mtu ndani ya gari ile anamngoja binti yangu, mtu ambaye mume wangu alishamuahidi binti huyo." Akainua kidole, hakukielekeza kwa Hajji. Alikielekeza mlangoni. "Na wewe ndiye ulikuwa kwenye usukani."

Vichwa vyote vikageuka kwa Hakimu.

"Hakimu," alisema Hajji kutoka kitini. Hakupaza sauti. "Ukitamka jina la yule mtu, wewe si mwanangu. Ghala, malori, nyumba, jina langu. Utatoka hapa huna hata shati."

Hakimu alisimama pale pale. Mtu ambaye asubuhi ile alimnunua Valentin, ambaye alivunja meza za akina mama, ambaye hajawahi kumpinga baba yake hata kwenye rangi ya gari. Aliangalia simu yake mkononi, akaizima. Akaingia ndani ya hema. Watu wakampisha, si kwa heshima.

Alifika mbele ya kamera. Kiti hakikuwepo, hakuna aliyempa chake. Akaketi chini, kwenye nyasi, na suruali yake ya gharama.

"Maneno hayo ulimwambia na Umutoni, Baba," alisema. "Nilikuwa nimesimama mlangoni. Hata yeye hakuogopa."

Kisha akainua uso, akamtafuta mdogo wake nyuma ya kile kioo.

"Igihozo. Hapa unanisikia vizuri?"

Igihozo alifuta uso kwa kiganja, akamsogezea Hakimu kipaza sauti.

"Tunakusikia, kaka," alisema. "Taja jina."